Funguo za nyumba ukiwa mbali: Jinsi vyombo vya angani vinavyofunzwa kuaminika

Na MWANDISHI WETU

TUSEME, msomaji, kwamba likizo ya Desemba imefika na wewe na mwenzio mmefunga safari kwenda mashambani kuwaona wazee. Kijana wenu wa kidato cha pili anabaki nyumbani, Umoja, kwa sababu ana masomo ya ziada. Unamkabidhi funguo na maagizo matatu: gesi izimwe kabla ya kulala, mlango ufungwe saa moja jioni, na mtu asiyemjua asimfungulie.

Huko muendako mtandao wa simu ni wa kubahatisha. Ujumbe unaotumwa asubuhi hujibiwa jioni, pengine kesho yake.

Usiku wa pili mlango unabishwa. Nje amesimama mzee mwenye mkoba, anasema yeye ni mjomba wa baba na ametoka mbali. Kijana hajawahi kumwona. Agizo linasema asiyemjua asimfungulie. Adabu inasema mjomba halazwi nje. Anajaribu kupiga simu, haiingii. Afanye nini?

Shaka hiyo ya kijana wako ndiyo inayowakosesha usingizi wahandisi wanaounda vyombo vya kwenda anga za juu. Nao wana mtu waliyemkabidhi funguo. Tofauti ni kwamba mtu wao ni mtambo, nyumba yenyewe iko mamilioni ya kilomita kutoka hapa, na siku nyingine ndani ya nyumba hiyo mna watu.

Dakika 14 za kimya

Kwanza tujiulize: kwa nini wasikiendeshe chombo wenyewe wakiwa hapa duniani, kama mtoto anavyoendesha kigari chake cha betri kwa rimoti?

Jibu ni umbali. Mawimbi ya redio, ambayo hubeba amri na majibu, husafiri kwa kasi ya mwanga, yaani karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa mwendo huo hufika mwezini kwa muda wa sekunde moja na kitu. Lakini mpaka sayari ya Mirihi, ambayo wanafunzi wengi huijua kwa jina la Mars, yanachukua dakika tatu hivi wakati sayari hiyo na dunia yetu zimekaribiana sana, na zaidi ya dakika 20 zikiwa zimeachana. Huko ni kwenda tu. Jibu nalo lina safari yake ya kurudi.

Chukua mfano wa Jumatatu, Agosti 6, 2012. Yapata saa mbili na dakika 17 asubuhi kwa saa za Kenya, wakati wengi wetu tulikuwa kwenye foleni ya magari tukielekea kazini, gari la utafiti la Marekani liitwalo Curiosity, lenye uzito wa karibu kilo 900, liligusa ardhi ya Mirihi. Lilikuwa limeingia katika hewa ya sayari hiyo kwa kasi ya kilomita 20,000 hivi kwa saa, na lilikuwa na dakika saba tu za kupunguza mwendo huo mpaka kufikia mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Lilihitaji ngao ya kuzuia joto, mwavuli mkubwa wa kushukia, injini za kupunguza kasi na, mwishowe, kamba za kuliteremsha polepole mpaka chini.

Siku hiyo Mirihi ilikuwa umbali wa kilomita milioni 248, na mawimbi yalichukua karibu dakika 14 kufika hapa. Hebu piga hesabu. Habari kwamba gari limeanza kuingia katika hewa ya Mirihi zilipowafikia wahandisi kule California, gari lenyewe lilikuwa limeshafika chini dakika saba zilizopita, likiwa zima au likiwa vipande. Walichoweza kufanya ni kukaa na kungoja. Maamuzi yote yalifanywa na kompyuta iliyokuwa ndani ya chombo.

Saa mbili na nusu hivi ujumbe ukaingia: limetua salama. Watu wazima wakarukaruka na kukumbatiana kama watoto waliofunga bao.

Kujiamulia si kufuata ratiba

Tusichanganye mambo mawili hapa. Saa ya kengele inayokuamsha saa kumi na moja alfajiri inafanya kazi bila wewe, lakini haiamui lolote. Hata ukiwa umeamka tayari italia tu. Huo ni mtambo wa kufuata ratiba.

Mtambo unaojiamulia hutazama hali ilivyo, ukapima, kisha ukachagua. Gari la Perseverance, lililotua Mirihi Februari 18, 2021, karibu usiku wa manane hapa kwetu, lilipewa ramani ya mahali pa kutua. Likiwa linashuka, lilipiga picha za ardhi iliyokuwa chini yake, likazilinganisha na ramani hiyo, likatambua liko wapi hasa, kisha likachagua lenyewe mahali pasipo na mawe makubwa wala maporomoko. Hakuna binadamu aliyeliambia liende kushoto au kulia.

Kwa hiyo kujiamulia kwenyewe si muujiza tena. Jambo gumu ni kujua kama tunaweza kuuamini huo uamuzi. Na hapa ndipo ninapotaka tutembee pamoja, msomaji, maana watu wengi hudhani mtambo wa kuaminika ni ule usiokosea kamwe. Mtambo wa namna hiyo haujaundwa bado. Mtambo wa kuaminika hujulikana kwa mambo mengine: nani aliupima, ulipimwa vipi, na unafanya nini unapokuwa hauna hakika. Mambo haya wahandisi hawakuyasoma vitabuni tu. Mengine waliyasoma katika vyombo vilivyoteketea.

Mguu uliodanganya

Desemba 3, 1999, chombo cha Marekani kiitwacho Mars Polar Lander kilikuwa kinashuka karibu na ncha ya kusini ya Mirihi. Baada ya hapo hakikusikika tena.

Wachunguzi walipokaa chini mwaka wa 2000 waliona kwamba chanzo kilichoelekea zaidi kuwa cha kweli kilikuwa kidogo mno. Chombo hicho kilikuwa na miguu mitatu iliyokunjwa. Kila mguu ulikuwa na kihisi, yaani kifaa cha kuhisi, ambacho kazi yake ilikuwa kuiambia kompyuta: "Tumegusa chini, zima injini." Miguu ilikunjuliwa chombo kikiwa bado mita 1,500 hivi juu, na ilipokunjuka ikatikisika. Kihisi kikadhani mtikisiko huo ni ardhi.

Kompyuta iliuweka ujumbe huo akilini mwake. Chombo kilipofika mita 40 juu ya ardhi, ambapo iliruhusiwa kuanza kuangalia kama kimegusa chini, ilikuta jibu liko tayari: ndiyo, tumefika. Ikazima injini. Chombo kikaanguka na kugonga ardhi kwa kasi ya karibu kilomita 80 kwa saa. Wahenga walisema umdhaniaye ndiye, siye.

Linaloumiza zaidi ni kwamba kosa hilo lingeweza kuonekana mapema hapa duniani. Wahandisi walijua kwamba vihisi vinaweza kutikiswa na miguu inapokunjuka, lakini onyo hilo halikuandikwa wazi katika maagizo waliyopewa waandishi wa programu. Tena kulikuwa na jaribio la kukunjua miguu. Katika jaribio hilo nyaya za vihisi zilikuwa zimeunganishwa vibaya. Zilipounganishwa upya, wakarudia sehemu ya kugusa chini peke yake. Sehemu ya kukunjua miguu hawakuirudia.

Saa iliyopotoka kwa saa 11

Huenda ukasema hayo ni ya zamani. Basi tuje karibu. Desemba 20, 2019, kampuni ya Boeing ilirusha chombo chake kiitwacho Starliner kutoka Florida. Kilikuwa kinajiendesha chenyewe kwenda kwenye Kituo cha Kimataifa cha Angani, na kwa bahati njema hakikuwa na mtu ndani. Hiyo ilikuwa safari ya majaribio, kabla ya kuwapakia wanaanga.

Chombo kilitakiwa kusoma saa kutoka kwenye roketi iliyokibeba. Kiliisoma wakati usiofaa, kikapata saa iliyopotoka kwa saa 11. Kilipoachana na roketi kiliamini kwamba kiko katika hatua nyingine kabisa ya safari, kikaanza kuwasha injini zake ndogo na kuchoma mafuta ovyo. Mafuta ya kukifikisha kituoni yakawa hayatoshi tena. Siku mbili baadaye kilirejeshwa na kutua katika jangwa la New Mexico.

Kikiwa bado angani, wahandisi waliikagua programu yake upya na kukuta kosa la pili. Kosa hilo lingeweza kuifanya sehemu inayotupwa kabla ya kutua iigonge sehemu ambayo siku nyingine ingekuwa na watu. Walilirekebisha saa chache kabla ya chombo kurudi.

Uchunguzi ulipofanywa ikabainika kwamba programu ilikuwa imepimwa vipande vipande: kurushwa peke yake, kukaribia kituo peke yake. Safari nzima tangu mwanzo mpaka mwisho haikuwa imepimwa kwa mfululizo mmoja. Ni mwanafunzi aliyejua kila sura ya kitabu lakini hakuwahi kufanya mtihani mzima.

Kati ya miguu ya mwaka wa 1999 na saa ya mwaka wa 2019 kuna miaka 20, lakini fundisho ni lile lile. Kila kipande kinaweza kuwa sawa, na kosa likajificha pale vipande vinapokutana.

Mashahidi wa baba mmoja

Wengine watauliza: si waweke kompyuta mbili? Moja ikishindwa, nyingine ichukue kazi.

Waliweka. Juni 4, 1996, roketi mpya ya Ulaya, Ariane 5, ilirushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikiwa imebeba setilaiti nne za wanasayansi. Ilikuwa na vifaa viwili vya kupima mwendo, kimoja cha kazi na kimoja cha akiba. Vyote viwili vilitumia programu iliyorithiwa kutoka kwa roketi ya zamani, Ariane 4, ambayo ilikuwa imefanya kazi vizuri kwa miaka.

Roketi mpya ilikwenda kwa kasi kuliko ile ya zamani. Ndani ya programu kulikuwa na mahali pa kuandikia tarakimu fulani ambapo hapakuweza kupokea zaidi ya 32,767. Ni kama fomu yenye visanduku vitano unapotakiwa kuandika shilingi laki moja: tarakimu ya sita haina pa kukaa. Sekunde 37 hivi baada ya kuruka, kile kifaa cha akiba kilikwama na kunyamaza. Punde hata kabla ya kupepesa jicho, kile cha kazi nacho kikakwama kwa sababu ile ile. Kompyuta kuu ikachukua taarifa ya kosa ikadhani ni vipimo vya mwendo, ikapindua injini upande, na roketi ikasambaratika angani.

Mashahidi wawili wanaosoma barua moja iliyokosewa hawawezi kusahihishana. Ndiyo sababu vyombo vya Marekani vilivyoitwa Space Shuttle, vilivyobeba watu kuanzia 1981 mpaka 2011, vilikuwa na kompyuta tano. Nne zilitumia programu moja na kulinganisha majibu yao kila mara. Ya tano ilikaa kando ikiwa na programu iliyoandikwa na kampuni nyingine, ili kosa la wale lisiwe kosa la hawa.

Kupitia kila njia

Hebu sasa tuwaangalie wanafunzi wanaopenda hisabati, maana hapa pana kazi yao.

Mtambo wenye swichi 10, kila moja ikiwa imewashwa au kuzimwa, una hali 1,024 unazoweza kuwamo. Ongeza swichi ziwe 20, hali zinapita milioni moja. Zikifika 30, zinapita bilioni moja. Programu ya chombo cha angani ina "swichi" nyingi kuliko hizo. Hakuna binadamu anayeweza kuzijaribu zote kwa mkono.

Ndipo wataalamu wakabuni njia ya kuitumia kompyuta kuikagua programu kihisabati, ikipitia kila njia ambayo mambo yanaweza kufuatana, hata zile ambazo hakuna mtu angezifikiria. Umuhimu wake ulionekana katika chombo kiitwacho Deep Space 1 kilichorushwa na shirika la NASA mnamo Oktoba 1998.

Mei 17, 1999, chombo hicho kikiwa karibu kilomita milioni 100 kutoka duniani, wahandisi walikikabidhi funguo kwa programu ya akili bandia iliyoitwa Remote Agent. Hawakukipa amri hatua kwa hatua. Walikipa malengo, na programu ikapanga yenyewe namna ya kuyafikia. Jambo kama hilo halikuwa limewahi kufanywa.

Siku iliyofuata programu ilikwama. Injini iliyotakiwa kuzimwa haikuzimwa. Sababu yake naweza kuieleza hivi. Mama anamngoja mgeni. Anachungulia dirishani, haoni mtu, anageuka kwenda kulala. Katika nukta ile ile anapogeuka, mgeni anabisha hodi mara moja tu. Mama hakusikia. Sasa mama amelala akiamini mgeni hajafika, na mgeni amesimama nje akiamini atafunguliwa. Hakuna aliyekosea, lakini mlango hautafunguliwa mpaka asubuhi. Sehemu mbili za programu zilikuwa zimefanya hivyo hivyo.

Kosa la namna hiyo hutegemea nukta ndogo sana ya wakati. Unaweza kuijaribu programu mara elfu na lisitokee. Lakini sikiza hili: mwaka wa 1997 wataalamu wa NASA walikuwa wameikagua sehemu moja ya programu hiyo kwa ile njia ya kihisabati na kukuta makosa matano, moja likiwa la aina hii hii. Hayo yalirekebishwa. Lililokuja kutokea angani lilikuwa katika sehemu nyingine ambayo haikukaguliwa.

Wahandisi walipanga upya majaribio yaliyobaki, na kufikia Mei 21 programu ilikuwa imetimiza malengo yake yote. Watu wakaweza kusema kwa ushahidi kwamba mtambo unaweza kuachiwa funguo. Wakaweza pia kusema ni sehemu gani hawakuikagua na iliwagharimu nini.

Kujua kuacha

Tumeona namna ya kupima. Lakini hata ukipima vipi, siku itafika ambapo mgeni usiyemtarajia atabisha mlango. Hapo ndipo mtambo wa kuaminika hutambulikana.

Karibu kila chombo cha angani kina kile tunachoweza kukiita hali ya usalama. Kikiona jambo kisilolielewa, huacha kazi zote zisizo za lazima, huzielekeza bawa zake za nguvu za jua kwenye jua ili betri zisiishe, hugeuza antena isikie sauti ya dunia, kisha hungoja. Hakijaribu ujanja. Ni kijana anayezima gesi, anafunga mlango na kukaa karibu na simu. Kuuliza si ujinga.

Lakini kuna mahali huwezi kusimama ukangoja. Helikopta ikiwa hewani haiwezi kuacha kila kitu. Ingenuity, helikopta ndogo ya kilo 1.8 iliyofika Mirihi pamoja na Perseverance, iliruka mara ya kwanza Aprili 19, 2021. Ilijiongoza kwa kupiga picha za ardhi na kuona mawe yamesogea kiasi gani kutoka picha moja hadi nyingine.

Katika safari yake ya sita, Mei 22, 2021, sekunde 54 hivi baada ya kuanza kuruka, picha moja ilipotea. Picha zote zilizofuata zikawa na muda usio sahihi. Helikopta ikawa inaamini inaona sasa kile ilichokiona kitambo kidogo, ikaanza kuyumba mbele na nyuma kama mlevi. Lakini walioiunda walikuwa wameiachia nafasi kubwa ya kukosea bila kuanguka. Tena walikuwa wameamua tangu mwanzo kwamba ikikaribia kutua isizitegemee picha hata kidogo. Ilitua salama umbali wa mita tano hivi kutoka mahali ilipokusudiwa.

Ilikuwa imeundwa kuruka mara tano. Iliruka mara 72. Ya mwisho ilikuwa Januari 18, 2024, ilipopita juu ya mchanga laini usio na mawe ya kutosha kuyatazama, ikapoteza mwelekeo, ikatua vibaya na kuvunjika mapanga yake. Ilifika mahali ambapo macho yake hayakuwa na cha kushika. Kila mtambo una mahali kama hapo, na mwundaji mwaminifu huwaambia watu ni wapi.

Malindi ina sehemu yake

Usidhani mambo haya ni ya Wamarekani na Wazungu pekee. Pwani yetu imo katika hadithi hii tangu zamani. Desemba 12, 1970, siku ya kuadhimisha uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi na kupewa jina la Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza iliyokusudiwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani.

Kituo hicho cha Waitaliano karibu na Malindi ndicho kilichokuja kupokea habari za setilaiti ya NASA iitwayo Swift, iliyorushwa Novemba 20, 2004. Kazi ya Swift ilikuwa kuwinda milipuko mikubwa ya miale ya gama, mingine ikidumu sekunde chache tu. Ukisubiri binadamu aambiwe, afikiri na aamue, mlipuko umeshazimika. Kwa hiyo Swift ilipewa ruhusa: ukiuona mlipuko, geuka wewe mwenyewe, kwa muda wa kama dakika moja, uutazame.

Lakini ruhusa hiyo ilikuwa na mipaka. Kabla ya kugeuka, setilaiti ilipaswa kwanza kuhakikisha kwamba darubini zake hazitaelekea jua, wala mwezi, wala dunia yenyewe, maana mwanga wake ungeziharibu au kuzipofusha. Kama njia haikuwa salama, haikugeuka, hata kama mlipuko ulikuwa wa kuvutia namna gani. Habari kamili za ilichokiona zilingoja mpaka ipite juu ya Malindi, na hapo zikashuka.

Ona jinsi funguo hizo zilivyotolewa. Setilaiti haikuambiwa ifanye ipendavyo, wala haikufungwa mikono. Iliachiwa chumba kimoja, na ndani ya chumba hicho ikawa huru.

Sasa wanakuja na mitambo mingine ya akili bandia inayojifunza kwa mifano, ambayo hata walioiunda hawawezi kueleza kila hatua ya uamuzi wake. Njia mojawapo ambayo wahandisi wanaitumia ni ile ile ya kuigawia chumba. Programu ndogo na rahisi, iliyokaguliwa mstari kwa mstari, husimama mlangoni. Ile kubwa na yenye akili nyingi ikipendekeza jambo la hatari, ile ndogo huikatalia.

Maswali ya kuuliza

Haya yatamfaa nini mzazi wa Nairobi au mwanafunzi wa Eldoret? Yatamfaa sana. Mitambo inayojiamulia haiko Mirihi pekee. Imo katika magari, katika mashine za hospitali, na hata katika simu yako inapoamua kama utapewa mkopo. Kila moja huja na mtu anayeisifu kwamba ina akili.

Wewe usiulize kama ina akili. Uliza maswali matatu. Je, ilipimwa safari nzima au vipande? Ikiwa haina hakika, inafanya nini? Na ikikosea, nani ana uwezo wa kuizima, na je, huyo anaona kwa macho yake mwenyewe au anasoma barua ile ile? Muuzaji akibabaika kujibu, tahadhari kabla ya hatari.

Nawe mwanafunzi, ukiwa unalalamika kwamba mantiki na hesabu za uwezekano hazina kazi maishani, kumbuka yule mama wa dirishani na mgeni wake. Kuna watu wanaolipwa kutafuta nukta ile moja.

Tumrudie kijana wetu wa Umoja. Mlango haukufunguliwa. Alizungumza na mzee kupitia dirishani, kwa heshima, akamwomba radhi. Kisha akampigia mama wa mlango wa pili, ambaye anaijua familia vizuri, akaja na mumewe, wakamkaribisha mzee kwao, wakampa chai na mahali pa kulala. Ujumbe ukatumwa kwa baba. Jibu lilikuja kesho yake saa nne asubuhi: ndiyo, ni mjomba kweli, mfungulie.

Mjomba alilala kwenye kochi la jirani usiku mmoja, na pengine mgongo ulimuuma kidogo. Mwaka ujao mkisafiri, bila shaka kijana huyo mtamwachia funguo tena.